Kulala Hoteli ya Kifahari Jijini: Mgeni Mtanzania Afahamu Nini Kabla ya Kulipa

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Si kila likizo huishia kijijini au ufukweni. Zipo familia ambazo, baada ya kuweka akiba mwaka mzima, huamua kulala siku mbili au tatu katika hoteli kubwa ya jijini: watoto waogelee, mama apumzike na shughuli za jikoni, baba azime simu ya kazini. Ni matumizi halali ya jasho la mtu. Hata hivyo, wengi wa wageni hao hukutana na mshtuko siku ya kuondoka, pale ankara inaposomeka tofauti na bei waliyoiona wakati wa kuweka nafasi, au pale kadi ya benki inapokataa kulipia mafuta ya gari njiani ilhali mwenyewe anajua kwamba fedha zimo.

Sehemu kubwa ya mshtuko huo inaweza kuepukika. Bei ya chumba katika hoteli ya nyota tano haitokani na utashi wa meneja peke yake. Imezungukwa na sheria na kanuni ambazo mgeni akizifahamu anaweza kuuliza maswali sahihi mapema, akiwa bado na nafasi ya kwenda kwingine.

Kwa miaka mingi hoteli za aina hii zilionekana kuwa za wageni kutoka nje. Hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa mwaka 1965, ikitazama bandari ya Dar es Salaam, ilikuwa mali ya umma. Pamoja na hayo, wananchi wengi waliifahamu kwa kuitazama kutoka barabarani, au kwa kuhudhuria mkutano ndani yake. Ilipofunguliwa upya mwaka 2005, baada ya kubinafsishwa na kufanyiwa ukarabati mkubwa, ilikuwa tayari sehemu ya soko ambalo bei zake zilizoeleka kutajwa kwa dola ya Marekani. Mtanzania aliyepiga simu kuulizia chumba alitajiwa dola, kisha akaelezwa kiwango cha kubadilishia ambacho hoteli yenyewe ilikuwa imekipanga. Hapo ndipo alipopoteza mara mbili, kwanza kwa kutojua bei halisi kwa fedha yake mwenyewe, pili kwa kubadilishiwa kwa kiwango ambacho hakikuwa cha benki.

Serikali ililigusa suala hilo mwishoni mwa mwaka 2017, ilipoelekeza kwamba kuanzia Januari 1, 2018 bei za bidhaa na huduma kwa wakazi wa nchini zitajwe kwa shilingi. Hatua nzito zaidi ilifuata kupitia Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za Mwaka 2025, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 198 na kuanza kutumika Machi 28, 2025. Kanuni hizo zinakataza kutangaza, kunukuu au kuainisha bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, na zinakataza vilevile kulipa na kupokea malipo ya namna hiyo. Yapo maeneo machache yaliyoachwa nje ya katazo, yakiwemo michango kwa jumuiya za kikanda, huduma kwa balozi na mashirika ya kimataifa, mikopo ya fedha za kigeni inayotolewa na benki, na bidhaa za maduka yasiyotozwa ushuru. Chumba cha hoteli anacholipia mwananchi aliyeko mapumzikoni hakimo katika orodha hiyo.

Katazo hilo linawahusu pande zote mbili za kaunta. Mgeni anayetoa noti za dola mfukoni kwa hiari yake, kwa kudhani anarahisisha mambo, naye anaingia katika kosa. Mtalii anayetoka nje anaweza kubadilisha fedha katika benki au maduka ya kubadilishia fedha, au kutumia kadi. Lakini bei anayolipa ndani ya nchi ni ya shilingi. Kwa Mtanzania, swali la kuuliza mapokezi ni jepesi: bei ni shilingi ngapi? Jibu lisipokuwa la shilingi, ana haki ya kulikataa.

Ugumu hujitokeza katika tovuti za kimataifa za kuweka nafasi. Nyingi huonesha bei kwa fedha yoyote ambayo mtumiaji ameichagua, na zipo zinazokata malipo moja kwa moja kupitia akaunti iliyoko nje ya nchi. Katika hali hiyo benki ya mteja ndiyo inayobadilisha fedha, kwa kiwango chake cha siku hiyo na pengine kwa ada ya muamala wa kimataifa. Chumba kilichoonekana nafuu kwenye skrini huweza kuwa ghali kuliko kile ambacho hoteli ingekitaja kwa simu. Ni busara kupiga simu hotelini kabla ya kubonyeza kitufe cha malipo. Mara nyingi hoteli huwa na bei maalumu kwa wakazi, ambayo hutolewa kwa kuonesha kitambulisho cha Taifa na ambayo tovuti hizo huenda zisiitaje kabisa.

Kuhusu nyota, maelezo mengi yanayosambazwa mitaani hayana msingi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatumia vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli katika madaraja, kuanzia nyota moja hadi tano, na vigezo hivyo vinatofautisha hoteli za mjini na hoteli za mapumziko, kambi za mahema na aina nyingine za malazi. Hoteli ya mjini haipimwi kwa bustani na ufukwe kama ile ya mapumziko. Hupimwa kwa mambo kama ukubwa na vifaa vya vyumba, usalama, usafi wa jiko, huduma za mapokezi na ujuzi wa watumishi. Wakaguzi hutembelea jengo, hukagua na kutoa alama. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya wizara yenye dhamana ya maliasili na utalii, na Zanzibar ina Kamisheni yake ya Utalii.

Kwa hiyo hakuna hoteli ya nyota sita wala saba katika mfumo huu. Hata Burj Al Arab ya Dubai, ambayo watu wengi huitaja kwa nyota saba, ina daraja rasmi la nyota tano. Hizo mbili za ziada ni maneno ya sifa tu. Aidha, nyota zinazoonekana katika tovuti za kuweka nafasi wakati mwingine ni alama zilizotolewa na wateja au na tovuti yenyewe, na hazipaswi kuchanganywa na daraja lililotolewa na Serikali. Mgeni anayetaka uhakika aulize cheti cha daraja. Hoteli iliyokipata kwa haki haioni haya kukionesha, na nyingi hukitundika karibu na mapokezi.

Sasa bei yenyewe. Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa Tanzania Bara, kwa kiwango chake cha kawaida, ni asilimia 18, na huduma za hoteli iliyosajiliwa zimo. Baadhi ya hoteli hutaja bei yenye kodi ndani yake, nyingine hutaja bei tupu na kuandika kwa herufi ndogo kwamba kodi na ada ya huduma vitaongezwa. Tofauti si ndogo. Chukulia, kwa mfano tu, chumba kinachotajwa kwa shilingi 500,000 kwa usiku, na familia inakaa siku tatu. Kichwani mwa baba hesabu ni shilingi 1,500,000. Hoteli ikiongeza ada ya huduma ya asilimia 5, jumla inakuwa 1,575,000. Kodi hutozwa juu ya kiasi hicho chote, pamoja na ada ya huduma, hivyo inaongezeka shilingi 283,500. Ankara inafungwa kwa shilingi 1,858,500. Hiyo nyongeza ya shilingi 358,500 inakaribia robo tatu ya bei ya usiku mwingine, na mtu hajanywa hata soda.

Soda nayo ina hesabu yake. Vinywaji vilivyomo katika jokofu dogo la chumbani, nguo zinazofuliwa, chakula kinacholetwa chumbani na wakati mwingine maegesho ya gari hulipiwa kando. Watoto hawalijui hilo. Wazazi wanaweza kuwaomba wahudumu wauondoe mzigo wote wa jokofu siku ya kwanza, ombi ambalo katika hoteli kubwa ni la kawaida na halimshangazi mtu. Kifungua kinywa pia kiulizwe mapema, kimo katika bei au la, na kwa watu wangapi, maana chumba cha watu wawili mara nyingi huhesabiwa vifungua kinywa viwili hata kama watoto wawili wamelala humo.

Jambo linalowaumiza wengi zaidi, na linaloelezwa kidogo zaidi, ni fedha zinazozuiwa kwenye kadi. Mgeni anapofika mapokezi huombwa kadi ya benki, nayo hupitishwa kwenye mashine. Wengi hudhani wamelipa. Kwa kawaida kinachofanyika ni hoteli kuiomba benki itenge kiasi fulani, yaani gharama ya chumba pamoja na nyongeza kwa ajili ya matumizi mengine au uharibifu. Fedha hizo zinabaki katika akaunti ya mteja, ila mteja hawezi kuzitumia. Mwenye kadi ya mkopo huenda asilihisi jambo hilo. Kwa Watanzania wengi wanaotumia kadi inayotoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya mshahara, kiasi kilichozuiwa ni fedha ya nauli, mafuta na ada ya shule.

Hali huwa mbaya zaidi mgeni anapoondoka na kulipa kwa njia nyingine, tuseme fedha taslimu au simu. Hapo amelipa, na kiasi kilichozuiwa bado kimezuiwa. Hoteli inapaswa kutuma maelekezo ya kukiachia, na benki huchukua siku kadhaa kukirejesha katika matumizi. Ndiyo maana ni vyema kuuliza siku ya kuingia kiasi gani kitazuiwa, na siku ya kutoka kulipa kwa kadi ileile iliyotumika mwanzo. Asiyetaka kadi yake iguswe anaweza kuomba kuweka amana ya fedha taslimu, apewe stakabadhi inayoonesha wazi kwamba ni amana.

Masharti ya kughairi nayo yana uzito. Bei ya chini kabisa inayotangazwa mara nyingi ni ile isiyorejeshwa. Mtoto akiugua usiku wa kuamkia safari, fedha imekwenda. Bei inayoruhusu kughairi huwa juu kidogo. Muda wa kuingia katika hoteli nyingi ni saa 8:00 mchana, na wa kutoka ni kati ya saa 5:00 asubuhi na saa 6:00 mchana, hivyo familia inayofika na basi la alfajiri ipange mahali pa kusubiri au iombe chumba mapema, kwa kulipia ikibidi. Hoteli za katikati ya jiji hutegemea zaidi wasafiri wa kikazi na mikutano, na kwa sababu hiyo mwishoni mwa wiki bei zake huweza kushuka, wakati hoteli za ufukweni zinapanda. Kipindi cha Maonesho ya Sabasaba mwanzoni mwa Julai, mahitaji ya vyumba Dar es Salaam huongezeka.

Mapokezi, mgeni hujaza fomu na kutoa kitambulisho. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Hoteli inaruhusiwa kukusanya kinachohitajika kwa usajili wa mgeni, na inawajibika kukitunza. Mgeni anaweza kuuliza nakala ya kitambulisho chake inahifadhiwa kwa ajili gani. Hana sababu ya kukubali namba za kadi yake ya benki ziandikwe kwenye daftari la kaunta.

Siku ya kuondoka, karatasi inayoorodhesha matumizi haitoshi. Ankara kifani wala orodha ya matumizi si risiti. Risiti inayotambulika ni ile inayotolewa na mashine ya EFD, yenye jina la mfanyabiashara, namba ya mlipakodi, tarehe, kiasi sahihi cha malipo na msimbo unaoweza kuhakikiwa kwa simu katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kaulimbiu ya "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" ina nguvu ya sheria nyuma yake: chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, asiyetoa risiti anakosea, na mnunuzi asiyeidai naye anakosea. Kiasi kilichoandikwa kwenye risiti kilingane na kilicholipwa, senti kwa senti.

Tatizo likitokea, meneja wa zamu ndiye mtu wa kwanza kuelezwa, tena kabla ya kulipa. Lisipotatuliwa, suala la risiti hupelekwa Mamlaka ya Mapato. Kutozwa kwa fedha za kigeni huripotiwa Benki Kuu ya Tanzania. Hoteli iliyojitangaza kwa daraja au huduma isiyokuwa nayo inaweza kulalamikiwa katika Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 pamoja na vifungu vyake vya kumlinda mlaji dhidi ya upotoshaji. Picha ya tangazo lililomvuta mgeni ni ushahidi, hivyo isifutwe kwenye simu. Fedha zilizozuiwa kwenye kadi na kutorejea baada ya siku zilizotajwa huanzia benki iliyotoa kadi, mteja akiwa na nakala ya ankara iliyofungwa pamoja na risiti yake.