Maandishi yanayokwenda pamoja na sauti ya video

Katika komuni za Lubumbashi, kama vile Katuba, Kenya au Kampemba, watu wanaoketi kutazama ushuhuda wa video mara nyingi hawana lugha moja. Mama aliyekimbia Mitwaba anasema Kiluba, jirani yake Ciluba au Kibemba, na wote wanakutana katika Kiswahili. Maandishi chini ya picha huwasaidia, pia wale wasiosikia vizuri, mradi yatokee wakati ule ule mtu anaposema. Kwa wasiojua kusoma, mchagueni mapema mtu wa kuwasomea kwa sauti.

Si lazima kuitengeneza video upya. Maandishi hukaa katika faili ndogo ya aina ya SRT, ambayo mnaweza kuiandika kwa Notepad. Kila kipande kina namba, saa ya kuanza na ya kuisha, kisha maneno:

1
00:00:12,500 --> 00:00:16,000
Tulitembea siku nne,
watoto wakiwa mgongoni.

Hizo ni saa, dakika na sekunde. Baada ya mkato ni sehemu za elfu za sekunde. Acheni mstari mtupu kabla ya namba 2. Mistari isizidi miwili, kwani msomaji wa polepole hushindwa kufuata. Hifadhini faili kwa UTF-8, kwa jina lile lile la video na ndani ya folda moja: ushuhuda.mp4 na ushuhuda.srt. (Angalieni Notepad isiongeze .txt mwishoni.) Mkiifungua video kwa VLC, programu ya bure, maandishi hutokea yenyewe. Yakitangulia sauti, bonyezeni H, yakichelewa, G. Hilo hurekebisha onyesho la siku hiyo tu. Kwa kudumu, sahihisheni saa ndani ya faili.

Kazi ngumu ni maneno yenyewe. Mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Katanga, ziliitwa "bilulu", yaani wadudu. Shahidi akilitaja neno hilo, mwandishi afanye nini? Akiandika "wageni", anampunguzia shahidi ushuhuda wake, na waliopo wamekwisha kulisikia kwa masikio yao. Naona liandikwe kama lilivyo, ndani ya alama za kunukuu, ili ijulikane ni tusi la wengine, si neno la shahidi.

Kabla ya onyesho, watafsiri wawili, mmoja kutoka kila upande, wapitie maandishi pamoja, na shahidi asomewe yote. Akiomba jina la mtu au la kijiji liondolewe, liondoeni. Lakini kulifuta katika SRT hakulifuti katika sauti: hapo lazima video yenyewe ikatwe, kabla nakala ya kwanza haijaingia katika simu ya mtu.