Samaki Hai Ndiye Mwenye Thamani

Muda wa kuvua ukiisha, washindani hupanga foleni mbele ya mizani, kila mmoja amebeba mfuko mzito uliojaa maji. Mfukoni mna samaki wake wote wa siku hiyo, na wanatakiwa wawe wazima, wanapiga mkia. Aliyekufa humletea mvuvi hasara. Katika mashindano makubwa ya Marekani yanayoitwa Bassmaster, kila samaki mfu hukata gramu 113 kwenye jumla ya uzito, na kuna washindi waliopatikana kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Wakishapimwa, samaki wote hurudishwa majini.

Mtu aliyekulia Ukerewe au Tanga, ambako samaki akishatoka majini safari yake ni sokoni au jikoni, anaweza kuushangaa utaratibu huu. Lakini ndio uti wa mgongo wa mchezo unaopendwa sana nchini Australia: kuvua brimu na besi kwa chambo bandia, kwa kushindana. Boti, vifaa, kanuni, hata namna ya kumshika samaki, vyote vimejengwa juu ya sharti kwamba samaki arudi kwake akiwa hai.

Mtindo wenyewe ulitoka Marekani. Mwaka 1967 Ray Scott, wakala wa bima kutoka Alabama, aliwakusanya wavuvi 106 kwenye ziwa Beaver, jimbo la Arkansas, wakashindana kumvua besi mdomo-mkubwa. Mwaka uliofuata alianzisha chama cha wavuvi wa besi, B.A.S.S. Mwaka 1971 akaandaa fainali ya kwanza ya Bassmaster Classic. Washiriki walipandishwa ndege bila kuambiwa wanapelekwa ziwa gani, na walipokuwa angani ndipo walipojulishwa kuwa ni Lake Mead, Nevada. Bobby Murray akashinda na kuondoka na dola 10,000.

Siku hizo samaki walioshindaniwa walitungwa kwenye kamba, wakapimwa, na mwisho wao ukawa huo. Scott aliona kwamba mchezo unaoacha maziwa matupu hautadumu, wala hautapendwa na watu wanaoishi kando ya maziwa hayo. Mwaka 1972 alianza kampeni ya kuwataka washindani wasiue samaki wao. Watengenezaji wa boti wakaanza kuweka matangi yenye pampu za kuzungusha maji na kuingiza hewa, na leo ni nadra kuona boti ya mashindano isiyo na tangi la namna hiyo.

Waaustralia waliuchukua mtindo huo kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1990, ila hawakumchukua samaki wa Kimarekani. Walishindania samaki waliowakuta kwenye mito yao.

Brimu wa Australia ni samaki bapa wa rangi ya fedha, mwenye umbo linalokaribiana na la changu. Wako wa aina mbili wanaoshindaniwa zaidi: brimu pezi-njano wa pwani ya mashariki, na brimu mweusi wa maji ya kusini kama yale ya Gippsland, jimbo la Victoria. Huishi kwenye milango ya mito, ambako maji ya chumvi hukutana na maji baridi, na hula kome, kaa, kamba na chaza. Ni samaki mwerevu na anakua polepole mno. Brimu pezi-njano huchukua takriban miaka mitano kufikia urefu wa sentimita 23, na brimu mweusi anaweza kuishi karibu miaka 30. Kwa hiyo brimu wa kilo moja, ambaye machoni pa mgeni ni samaki wa kawaida, ni mzee aliyeshaona ndoana nyingi. Hapo unaanza kuelewa kwa nini wavuvi hawa hawataki kumuua.

Zamani wengi waliamini brimu hakamatiki ila kwa chambo cha kweli: mnyoo, kamba au kipande cha samaki. Wavuvi wa mashindano ndio walioonyesha vinginevyo kwa upana. Silaha yao ni ndogo ajabu. Ni kipande cha plastiki laini chenye umbo la mnyoo au kamba, urefu wake sentimita tano hadi nane, kilichochomekwa kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi kisichofika gramu mbili. Mshipi ni wa kusuka, mwembamba, na mwisho wake huungwa kipande cha fluorokaboni kinachohimili kama kilo mbili tu, kwa sababu hakionekani kirahisi majini.

Mfano mzuri wa kazi yenyewe uko Wallis Lake, karibu na mji wa Forster, jimbo la New South Wales, ambako wakulima wa chaza wamejenga vichanja vya mbao ndani ya maji ya kina kifupi. Brimu hujificha chini ya vichanja hivyo. Mvuvi hurusha chambo kati ya safu mbili, akakiacha kizame chenyewe huku macho yake yakiwa kwenye mshipi. Mara nyingi mkono hausikii chochote. Mshipi husogea kidogo pembeni, au hulegea kabla ya wakati wake. Hapo hapo mvuvi huinua rodi, maana brimu akishahisi ugumu wa risasi hukitema chambo. Akinasa, sekunde chache za mwanzo ndizo zinazoamua kila kitu. Samaki hukimbilia chini ya kichanja, na makombe ya chaza yaliyoshika kwenye mbao yana makali ya wembe. Mshipi ukigusa hapo, mchezo umekwisha. Mvuvi stadi hajaribu kumvuta kwa nguvu tu. Huinamisha rodi hadi karibu na maji, akambadilishia samaki mwelekeo, huku mwenzake akiiondoa boti taratibu kwa mota ya umeme.

Kila mvuvi wa brimu kwa kawaida huruhusiwa kupeleka mizanini samaki watano. Akimpata wa sita, humwachia aliye mdogo kuliko wote. Kwa hiyo anayeongoza asubuhi kwa idadi anaweza kupitwa mchana na mtu aliyekuwa akibadilisha samaki wake mmoja mmoja, gramu kwa gramu. Kwenye boti huwa wawili: mwenye boti mbele, na nyuma mshiriki asiye na boti, waliokutanishwa kwa kura. Wa nyuma hushindana katika kundi lake, na ndivyo vijana wengi wanavyojifunza, kwa kukaa kutwa nzima hatua tatu kutoka kwa mtu anayejua kusoma maji. Saa ya kurudi nayo ni sheria kali. Kwenye Bassmaster, kila dakika ya kuchelewa hukata karibu nusu kilo.

Besi wa Australia ni habari nyingine. Jina lake lilitokana na wahamiaji kufananisha samaki, lakini hana undugu wa karibu na yule wa Ray Scott. Ni mwenyeji wa mito ya pwani ya kusini-mashariki, kutoka Queensland hadi Victoria. Hukaa maji baridi, chini ya magogo na matawi yaliyoinamia mto, na jioni za joto hushambulia wadudu walioanguka juu ya maji kwa kishindo. Ndiyo sababu wavuvi humrushia chambo cha kuelea kinachotoa mlio.

Siri ya besi huyu iko kwenye uzazi. Majira ya baridi huteremka mto hadi penye maji ya chumvi kiasi, akataga huko, kisha akapanda tena. Bila chumvi hiyo mayai hayafanikiwi. Serikali ya New South Wales inamlinda kwenye safari hiyo: kuanzia Mei 1 hadi Agosti 31, hairuhusiwi kuchukua hata besi mmoja kutoka mitoni.

Wapo Waaustralia walioanzia huku wakaenda kupimana na wenyewe Marekani. Kim Bain-Moore, mzaliwa wa Australia, aliandika historia mwaka 2009 alipokuwa mwanamke wa kwanza kushiriki Bassmaster Classic. Mwaka 2019 Carl Jocumsen wa Queensland alishinda mashindano ya ngazi ya juu ya Bassmaster kwenye ziwa Tenkiller, Oklahoma, wa kwanza kutoka nchi yake kufanya hivyo.

Fedha na sifa zikiingia, huingia na udanganyifu. Septemba 2022, kwenye mashindano ya samaki aina ya woleye huko Ohio, ziwa Erie, msimamizi aliona samaki wana uzito usiolingana na miili yao. Akawapasua mbele ya umati, vikatoka vipande vya risasi na minofu ya samaki wengine. Zawadi ilikuwa zaidi ya dola 28,000. Wavuvi wawili waliohusika walikiri mahakamani na kuhukumiwa kifungo cha siku 10. Siku hizi ubishi mwingine unahusu sona za kisasa zinazomwonyesha mvuvi, kwenye skrini, samaki mmoja mmoja aliye mbele ya boti akikifuata chambo. Baadhi ya mashindano ya Marekani yameziwekea mipaka, na mengine yamezipiga marufuku.

Suala zito zaidi, hata hivyo, ni hili: samaki anarudishwa kwenye maji ya nani? Besi mdomo-mkubwa wa Marekani amesambazwa duniani kwa ajili ya mchezo, na amewekwa kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi. Wakenya wanaye. Aliletwa ziwa Naivasha mwaka 1929 ili walowezi wapate burudani ya kuvua, na samaki mdogo wa asili aliyekuwa akiishi ziwani humo alitoweka katika miaka ya 1960. Besi anahesabiwa miongoni mwa sababu. Japani ilimpokea mwaka 1925. Mwaka 2009 Manabu Kurita alivua kwenye ziwa Biwa besi wa zaidi ya kilo 10, aliyelingana na rekodi ya dunia iliyowekwa Georgia mwaka 1932. Lakini mkoa wa Shiga, lilipo ziwa hilo, ulikuwa umepiga marufuku tangu 2003 kumrudisha besi majini akishavuliwa, ili kuwanusuru samaki wa asili.

Kanuni ileile, kwa hiyo, huokoa mto mmoja na kuumiza mwingine. Kwa Waaustralia inafaa kwa sababu brimu na besi wao wako nyumbani. Wanaposhindana wanawajibika kwa samaki ambaye bila mto mzima hana maisha, na wengi wao wamekuwa wasemaji wa mito hiyo kuliko watu wasiowahi kushika rodi.

Hata kuachilia kuna ufundi wake. Besi anayetolewa kwenye kina kirefu hupanda na kibofu cha hewa kilichovimba, akashindwa kuzama tena hadi hewa itolewe kwa uangalifu na mtu aliyefundishwa. Maji ya tangi yakipata joto jingi, samaki hudhoofu kabla ya kufika mizanini. Wavuvi makini hulowesha mikono kabla ya kumshika, wasimwondolee ute unaomkinga na maradhi, na hawamninginizi kwa taya.

Tatizo kubwa linalobaki ni mabwawa. Besi aliyefungiwa juu ya ukuta hawezi kuifikia bahari, hivyo hazaliani. Ziwa Somerset, kaskazini-magharibi mwa Brisbane, ni uwanja maarufu wa mashindano, lakini besi wake wanatokana na vifaranga vinavyozalishwa vituoni na kupandwa na vikundi vya wenyeji. Queensland huwauzia wavuvi kibali cha kuvua kwenye mabwawa ya namna hiyo, na sehemu kubwa ya fedha hizo hurudi kununua vifaranga. Huko New South Wales, kwenye bwawa la Tallowa la mto Shoalhaven, mwaka 2009 ilikamilishwa lifti ya samaki: maji huwavuta waingie kwenye chombo kikubwa, kikapandishwa hadi juu ya ukuta na kuwamwaga upande wa pili. Besi wa Shoalhaven wakapata tena njia waliyokuwa wameikosa tangu ukuta ulipojengwa katika miaka ya 1970. Kwenye mito mingine mingi ya pwani hiyo kuta bado hazina njia yoyote, na besi walio juu yake wanategemea vifaranga vya kununuliwa.