Je, Maji Yaweza Kuwa Mafuta?
Mwaka 2007, Mmarekani John Kanzius alielekeza mawimbi ya redio kwenye maji ya chumvi. Gesi iliyotoka ikawaka moto. Mwanafunzi wa Bomang'ombe akiuliza, "Mbona basi twanunua mafuta ya taa?" mwalimu asimkemee, bali amwonyeshe.

Atayarishe bilauri ya maji yenye magadi, betri nne za tochi zilizofuatana, nyaya mbili, na penseli mbili zilizochongwa pande zote. Mapovu yatatokea kwenye ncha zilizozama: haidrojeni upande wa hasi, oksijeni upande wa chanya.

Kisha aulize: "Nguvu iliyoyatenganisha maji imetoka wapi?" Imetoka katika betri, kwa Kanzius, katika umeme ulioendesha mtambo wake. Moto ule hauwezi kurudisha zaidi ya nguvu iliyotumika. Kwa hiyo maji si mafuta.