Kompyuta Kuukuu Yapata Diski Mpya

Mji wa Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa, uko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Je, hewa hiyo yaweza kuharibu kompyuta ya shule? Swali hili si la kipuuzi.

Ndani ya diski ngumu mna sahani zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa kisomacho hakizigusi, bali huelea juu ya tabaka la hewa lisilofikia sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Hewa ikipungua mno, kichwa hushuka na kukwaruza sahani. Hata hivyo, watengenezaji wengi huruhusu diski itumike hadi mita 3,000 hivi. Ufipa haina hatia. Maadui halisi ni umeme unaokatika ghafla, joto, mtikiso wakati diski inazunguka, na umri.

Diski ikifa, kompyuta haijafa. Katika ubao wake mkuu mna programu ndogo ya kuuamsha mtambo. Programu hiyo hukagua viungo, kisha hutafuta mfumo wa uendeshaji, yaani programu kubwa inayoratibu kazi zote. Diski mpya ni tupu kama daftari lisiloandikwa; ndiyo sababu kompyuta hutangaza kwamba mfumo haukuonekana. Huo si ubovu.

Kwanza, fundi huchunguza waya wa diski: kompyuta za zamani zaidi hutumia utepe mpana, na zilizofuata hutumia waya mwembamba. Pili, huchagua mfumo unaolingana na nguvu za mtambo. Windows 10 ilikoma kupewa masahihisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huhitaji kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4. Mitambo mingi mikuukuu hufaidika na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambao hupatikana bila malipo. Tatu, mfumo huo huandaliwa kwenye flashi kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo nzima. Mtambo huamriwa uanzie hapo, na mfumo huwekwa katika diski mpya.

Jambo moja lisisahauliwe. Kuweka mfumo upya kwa kawaida hufuta diski iwekwayo. Kama diski ya zamani bado inasomeka, yaliyomo yanakiliwe kwanza, nayo isijaribiwe kuwekewa mfumo. Mfumo waweza kurudishwa mara mia. Alama za wanafunzi na hesabu za shule hazimo katika flashi ya fundi yeyote.

Mkulima wa Ufipa huitenga mbegu kabla ya kupeleka mahindi sokoni. Mwenye kompyuta naye afanye vivyo hivyo: nakala moja aiweke karibu, na ya pili katika jengo jingine, wakati diski ingali nzima.