Biashara ya vitanda Tabora: mgeni asipongoja treni, atalala kwa sababu gani?

TABORA imekuwa ikiuza usingizi kwa zaidi ya miaka 150, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mteja wake mkuu amekuwa yule yule: mtu anayengoja. Zamani alingoja wapagazi. Baadaye akangoja treni. Leo wenye mitaji midogo wanaouliza kama inafaa kujenga gesti au nyumba za kupanga zenye huduma katika mji huo wanatakiwa kwanza waulize kitu kimoja: reli mpya ikikamilika na kungoja kukaisha, nani atabaki kulipia chumba?

Swali hili si la kubuni. Mikataba ya reli ya kisasa, SGR, kwa vipande vinavyoihusu Tabora imekwishatiwa saini. Kipande cha Makutupora hadi Tabora kilisainiwa Desemba 2021 na cha Tabora hadi Isaka mwaka 2022, vyote viwili na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki. Kile cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, kilisainiwa Desemba 2022 na makampuni ya China. Kwa maneno mengine, mji huu utabaki kuwa njia panda ya reli kama ulivyokuwa, ila treni zitakazopita zimesanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Waingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, kama Tabora ilivyojulikana kwa wageni siku hizo, Novemba 1857, walikuwa wamesafiri zaidi ya miezi minne tangu waondoke pwani. Hapo wapagazi wao Wanyamwezi walikuwa wamefika kwao, wakashusha mizigo na kwenda zao. Mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, akawapokea wageni na kuwapatia nyumba, nao wakakaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kupata watu wa kuendelea nao.

Henry Stanley alifika Juni 1871 akakuta vita ya Mirambo imefunga njia ya Ujiji. Akangoja Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, hadi Septemba. Alirudi hapo hapo Februari 1872 akiwa na David Livingstone. Stanley aliondoka Machi, naye Livingstone akabaki hadi Agosti akingoja wapagazi waletwe kutoka pwani. Miezi sita nyumba moja! Hakuna mwenye gesti wa leo Tabora asiyemtamani mpangaji wa aina hiyo.

Nyumba yenyewe iliitwa tembe: kuta nene za udongo, paa bapa, ua katikati, vyumba vya kulala, stoo za mizigo, mahali pa kupikia na nafasi ya watu wa msafara. Mgeni hakununua usiku mmoja. Alipata nyumba kamili, akaleta watu wake, akapika chakula chake, akakaa hadi shughuli iishe. Tusisahau kwamba mizigo iliyopita katika nyua hizo ilikuwa pembe za ndovu na nguo, na pamoja nayo watu waliotekwa na kuuzwa. Lakini kwa mtazamo wa soko la malazi, tembe ilikuwa bidhaa ile ile ambayo miji mikubwa iliivumbua upya baada ya karne moja. Kampuni ya Ascott ya Singapore, iliyofungua nyumba yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1984, imejenga himaya ya dunia nzima juu ya wazo hilo: sebule, jiko, chumba, na mtu wa kufagia na kufua, kwa wiki au kwa mwezi. Dar es Salaam zipo, hasa upande wa Masaki na Oysterbay.

Tabora iliiacha bidhaa hiyo reli ilipoingia. Reli ya Kati ilifika mjini mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914. Tawi la Mwanza lilifunguliwa 1928, na baadaye likaja tawi la Mpanda linalochepuka Kaliua. Kuanzia hapo Tabora ikawa mahali pa kukata na kuunga mabehewa: haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, na wa Mpanda wangoje yao. Abiria alishuka usiku wa manane au alfajiri, akakaa saa nyingi, na treni ilipochelewa akakaa hata siku nzima. Gesti za mjini zilijifunza kuishi kwa abiria huyo. Chumba kidogo, kitanda, chandarua, ndoo ya maji, malipo kabla ya kulala. Hakuuliza habari ya jiko wala sebule, maana alitaka kujinyoosha tu.

Wenye nafasi walikwenda Hoteli ya Reli, jengo ambalo husimuliwa kuwa lilijengwa na kabaila wa Kijerumani mwaka 1914 kuwa nyumba ya uwindaji. Lilipita mikononi mwa shirika la reli, na baada ya ukarabati likajulikana kwa jina la Orion. Dodoma nayo ilikuwa na hoteli yake ya reli, iliyokuja kuitwa New Dodoma. Hoteli hizi zilikuwa na kitu ambacho gesti hazina, yaani bustani, ukumbi na jina. Katika biashara hii jina ni mali, na halijengwi kwa mwaka mmoja.

Sasa turudi kwenye SGR. Treni za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza mwaka 2024, na safari ile iliyokuwa inachukua siku nzima kwa basi imekuwa ya saa tatu na nusu hivi kwa treni ya haraka. Mtu mwenye shughuli ya saa mbili Dodoma anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Huyo ni mgeni mmoja aliyepungua katika kitabu cha wageni. Kwa upande mwingine, wapo ambao wasingesafiri kabisa, na sasa wanasafiri. Jumla yake katika kila mji inategemea mji wenyewe una shughuli gani. Ndiyo maana mwekezaji wa Tabora asihesabu abiria. Ahesabu shughuli.

Shughuli zipo, tena si chache.

Ya kwanza ni ujenzi wenyewe. Reli, barabara na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, vimeleta katika mkoa huu aina ya mgeni ambayo haikuonekana tangu enzi za misafara: mhandisi, mpimaji, fundi mitambo, mkaguzi, anayekaa miezi na kulipiwa na kampuni. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, na kiwanda cha kufunika mabomba yake kiliwekwa Sojo, wilayani Nzega, ndani ya mkoa wa Tabora. Mgeni huyu anataka jiko. Anataka mahali pa kuegesha gari na mtu wa kumfulia. Anachoka na chipsi mayai baada ya wiki ya pili, na baada ya wiki ya tatu ananunua jiko la gesi na kulificha chini ya kitanda cha gesti. Mwenye nyumba mwerevu huliona soko hapo hapo.

Ya pili ni tumbaku. Tabora ni mkoa unaoongoza kwa zao hilo, na msimu wa 2022/23 nchi ilivuna zaidi ya tani 120,000. Masoko yakifunguliwa miezi ya kiangazi, wanunuzi, wakadiriaji wa madaraja, wasafirishaji na watu wa benki huzunguka kwenye vyama vya msingi, na fedha za wakulima hushuka mjini. Miezi hiyo vyumba hujaa bila matangazo. Lakini mwenye gesti anayepanga mkopo wake kwa hesabu za Julai atalia Februari. Tena tumbaku ni zao la wanunuzi wachache: kampuni ya TLTC ilipoacha kununua mwaka 2018, pengo lake lilionekana mkoa mzima, na si mashambani peke yake.

Ya tatu ni serikali, mahakama, hospitali ya Kitete, shule kongwe za Wavulana na Wasichana, vyuo, makao ya madhehebu ya dini. Hawa hawana kelele, ila hawaondoki. Semina, vikao, kesi, mahafali, mgonjwa wa rufaa na ndugu zake. Hosteli za makanisa zimechukua sehemu nzuri ya soko hili kwa sababu ni safi, kimya na bei yake inaeleweka, na mwenye gesti anayetaka kushindana nazo aanze na mashuka kabla ya televisheni.

Utalii tutautaja kwa kifupi. Njia ya misafara, ikiwamo Kwihara, iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa urithi wa dunia tangu 2006. Tembe la Livingstone ni makumbusho. Ni jambo la heshima, ila kukopa benki kwa kutegemea wageni wa makumbusho ni kujitakia.

Tuseme basi una kiwanja na fedha za kujenga vyumba 12. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Kila mtu aweke bei za mtaa wake. Ukijenga gesti ya vyumba 12 selfu kwa shilingi 25,000 kwa usiku, ikijaa mwaka mzima inaingiza milioni 109.5. Haijai. Ikijaa nusu, ni milioni 54.75. Toa mishahara ya mapokezi usiku na mchana, mlinzi, wafuaji, chai ya asubuhi, sabuni, maji, umeme na leseni. Ikiwa vyote vinakula asilimia 45, unabakiwa na kama milioni 30.

Kwa kuta hizo hizo ungeweza kupata nyumba nne za kupanga, kila moja na vyumba viwili, sebule na jiko. Tuseme kila moja ni shilingi 900,000 kwa mwezi, na kila moja inakaa tupu miezi miwili kwa mwaka. Mapato ni milioni 36. Hapa gharama ni ndogo, maana hakuna mapokezi ya usiku wala chai, usafi ni mara mbili kwa wiki. Zikila asilimia 20, unabakiwa na milioni 28.8.

Tofauti karibu haipo, na mtu wa haraka atachagua gesti kwa sababu fedha inaingia kila siku. Asubiri. Treni ya zamani ikipoteza abiria na gesti ikashuka hadi theluthi moja, mapato ni milioni 36.5, ilhali mlinzi na mtu wa mapokezi wanalipwa hata vyumba vikiwa vitupu. Gharama zikikwama kwenye milioni 20, umebakiwa na milioni 16.5. Nyumba za kupanga nazo zina ugonjwa wake: mpangaji ni mmoja, yaani kampuni, na mradi ukiisha funguo nne zinarudishwa siku moja. Mwenye nyumba nne zilizopangwa na mkandarasi mmoja ana mteja mmoja, si wanne.

Kwa maoni ya ukurasa huu, mjengo unaofaa Tabora ni ule unaoweza kugeuka: milango ya ndani inayofungika, ili nyumba ya vyumba viwili iuzwe kwa mwezi wakati wa miradi na vyumba viuzwe kwa usiku msimu wa tumbaku. Inaongeza gharama za mabomba na nyaya mwanzoni. Lakini ni nafuu kuliko kubomoa.

Mambo ya karatasi yasidharauliwe. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili ni shilingi milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo mjengo wa ukubwa tuliousema uko chini yake. Mwenye matatu ya namna hiyo afanye hesabu upya. Na wale waliozoea kumtajia Mchina au Mturuki kodi ya pango kwa dola wakumbuke kwamba kanuni za mwaka 2025 zimekataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni. Mkataba uandikwe kwa shilingi, wenye kipengele cha kupitia bei kila baada ya miezi kadhaa.

Maji yalikuwa ndiyo kilio kikubwa cha Tabora hadi mradi wa Ziwa Victoria ulipoyafikisha Nzega, Igunga na mjini. Hata hivyo simtanki bado ni lazima, na jenereta au sola vile vile.

Kwa mwenye fedha kidogo asiyetaka matofali, mlango ni mwembamba. Soko la hisa la Dar es Salaam ni la benki, saruji na bia zaidi. Anayetaka hisa za hoteli atazame Nairobi, ambako TPS Eastern Africa, wenye hoteli za Serena, wameorodheshwa, akijua kwamba hizo ni hoteli za mbuga na ufukwe na bei yake haina habari na tumbaku ya Sikonge.

Anayeuziwa gesti iliyokwisha kujengwa, nao ni wengi wanaouziwa siku hizi, asiende kuiona mwezi wa Julai. Aende Februari, mvua zikinyesha, na kabla ya kuonyeshwa vyumba aombe kitabu cha wageni cha mwaka mzima. Kwenye safu ya "anakotoka" na "anakokwenda" atahesabu ni wangapi walikuwa safarini kwenda kwingine, na ni wangapi walioandika Tabora.