Dakika Moja ya Hikaru

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo! Uongo njoo? La, leo uongo ubaki nje, maana ninayemsimulia ni mtu wa kweli na yu hai.

Anaitwa Hikaru Nakamura. Alizaliwa Japani mwaka 1987, akahamia Marekani angali mdogo. Baba yake wa kambo, Sunil Weeramantry, alikuwa mwalimu wa sataranji, mchezo ambao wengi wenu mnauita chesi. Mwaka 2003, akiwa na miaka 15, Hikaru akapata cheo cha grandimasta, akavunja rekodi ya Bobby Fischer ya Mmarekani aliyekipata akiwa mdogo kuliko wote.

Kwenye mashindano makubwa, mchezo mmoja wa sataranji huweza kuchukua saa nne au tano. Mtandaoni kuna namna nyingine, nayo huitwa risasi. Kila mchezaji anapewa dakika moja tu kwa mchezo mzima. Ikikuishia, umeshindwa, hata kama malkia wako bado anatamba na wa mwenzako aliliwa zamani. Huko ndiko Hikaru alikotengeneza jina.

Mtazameni akicheza. Mkono uko kwenye kipanya, macho mara kwenye skrini, mara juu darini, kana kwamba ubao mwingine umechorwa huko. Mdomo nao haupumziki, kwa kuwa huwasimulia watazamaji wake: anakula, nakula, anakula, nakula. Kabla hujajua nani kala nini, kete sita zimeshatoka ubaoni.

Anawezaje? Siri ya kwanza ni kucheza kabla ya zamu. Kompyuta inakuruhusu kusogeza kete wakati mpinzani bado anafikiri. Inaushika mwendo wako, na zamu yako ikifika inaucheza papo hapo. Tuseme farasi wako anaweza kuliwa. Unaagiza mapema: ngome yangu iende pale pale alipo farasi. Akiliwa, ngome inalipiza hapo hapo. Asipoliwa, agizo linafutika lenyewe, kwa kuwa huwezi kumla farasi wako. Hujapoteza kitu. Lakini ukimwagiza malkia aende mahali pa wazi, kisha mpinzani akakutegea askari wa kumla, malkia atakwenda tu! Bingwa anajua agizo lipi ni salama na lipi ni kamari.

Siri ya pili ni kuihesabu saa kama kete mojawapo. Tuseme kila mmoja amebaki na mfalme, ngome na askari wachache, wala hakuna anayemzidi mwenzake. Wengine wangekubali sare. Hikaru anaendelea. Ngome huku, mfalme kule, kitisho kidogo hapa. Hafanyi la ajabu, ila kila mwendo wake unamwachia mwenzake swali, na kila swali lina bei yake kwa sekunde. Hatimaye mwenzake anapata jibu zuri, lakini saa imeshasoma sifuri.

Siri ya tatu ndiyo kubwa. Ndani ya sekunde moja hakuna nafasi ya kupiga hesabu ndefu. Hikaru anatambua, kama wewe unavyomtambua shangazi yako kwa mbali kwa mwendo wake tu. Mpangilio ule wa kete, au mwingine unaofanana nao, amewahi kuuona, na anakumbuka ulivyoishia. Kumbukumbu hizo alizikusanya tangu utotoni, katika michezo mirefu ya mezani na vitabuni. Mkono unakimbia kwa sababu kichwa kilishatembea njia hiyo polepole.

Basi, wajukuu zangu, msianze na dakika moja. Anzeni na mchezo wa nusu saa. Ukifungwa, usikimbilie kuanza mwingine. Rudisha kete nyuma, utafute ni mwendo gani uliokuponza. Ukishaujua huo, kesho utauona mapema.

Hadithi yangu imeishia hapo.