Deni la Vibwengo

Mtu akiniambia anataka kusoma Wintersong, riwaya ya mapenzi ya S. Jae-Jones kuhusu Mfalme wa Vibwengo, namwomba aanze na shairi la Goblin Market. Halimalizi saa nzima, na bila hilo riwaya inabaki hadithi ya bwana harusi mzuri wa kutisha tu.

Shairi hilo alilitunga Christina Rossetti mjini London mwaka 1859, akiwa na miaka 28. Dada wawili, Laura na Lizzie, wanakaa peke yao. Kila jioni, kando ya kijito, wanawasikia vibwengo wakinadi matunda: tini, zabibu, makomamanga, matufaha, ya misimu mbalimbali lakini yote yameiva siku moja. Mmoja ana uso wa paka, mwingine ana mkia, mwingine anabingirika kama nyegere, huyuhuyu wa porini kwetu. Lizzie anaziba masikio na kukimbia. Laura anabaki. Hana hata senti, nao wanamwambia dhahabu anayo kichwani. Basi anakata shungi la nywele zake, chozi linamdondoka, na anafyonza matunda mpaka midomo inamuuma.

Kesho yake hasikii kitu. Lizzie bado anazisikia sauti zao. Laura aliyeonja ndiye aliyefungiwa. Anaanza kukonda na kuota mvi. Kokwa aliyoichukua anaipanda kando ya ukuta, haichipui.

Mimi nimekulia nyuma ya meza ya matunda ya mama yangu, sokoni Tanga. Mama alikuwa akikata kipande cha embe na kumpa mpita njia, “Onja, mwanangu,” na hakuwa na shaka kwamba huyo atarudi. Faida yote ilikuwa katika kurudi kwake. Kwa hiyo nilipofika mahali vibwengo wanapomkataa mteja aliyekwisha onja, nilishtuka kweli. Muuzaji asiyetaka urudi hakuwa na shida na pesa yako. Alikitaka kitu kingine, na amekwisha kukichukua.

Lizzie analielewa hilo. Anawaendea na sarafu ya fedha mkononi, anataka kununua matunda na kuondoka nayo. Wanamwambia akae ale pamoja nao. Anakataa. Wanampiga, wanamvuta nywele, wanamsukumia matunda usoni, naye amefumba mdomo kabisa, hata tone halipiti. Wanapochoka wanamtupia sarafu yake, naye anakimbia nyumbani huku maji ya matunda yakimchuruzika mashavuni ili ndugu yake ayalambe. Safari hii ni machungu kama shubiri, na Laura anapona.

Katika miaka hiyo hiyo Rossetti alikuwa akijitolea Highgate, kwenye nyumba ya kanisa iliyowapokea wanawake waliotaka kuachana na ukahaba. Wakubwa wa Uingereza ya wakati ule walimhesabu mwanamke wa namna hiyo kuwa amekwisha. Ndani ya shairi yumo Jeanie, msichana aliyekula matunda hayo akafa. Ila Laura anarudi, anaolewa, anazaa, na anawasimulia wanawe mambo yote bila kuficha. Naliheshimu shairi hili kwa sababu hiyo kuliko nyingine zote.

John Ruskin, mhakiki aliyeogopwa, aliliona kabla halijachapwa akasema vina na mizani vimekwenda kombo, hakuna atakayelichapa. Mchapishaji Alexander Macmillan alilichukua akawasomea wafanyakazi wa kawaida huko Cambridge. Mwanzoni walidhani anawatania, kisha wakatulia kimya, na alipomaliza wakashangilia kwa makofi. Kitabu kikatoka mwaka 1862, kikiwa na picha za kaka yake mtunzi, Dante Gabriel.

Jae-Jones alitoa Wintersong mwaka 2017. Amechota pia kwenye shairi la Goethe la mwaka 1782, ambamo mfalme wa mizimu anamnyakua mtoto mikononi mwa baba yake, na kwenye filamu ya Labyrinth ya mwaka 1986. Tuko Bavaria, Ujerumani ya zamani. Liesl, binti wa mwenye nyumba ya wageni, anatunga muziki kwa siri; sifa zote zinakwenda kwa mdogo wake Josef, mpiga fidla. Dada yao Käthe, mrembo wa nyumba, anavutwa na matunda ya vibwengo sokoni, kisha anapotelea chini ya ardhi. Liesl anamfuata, na mwishowe anajitoa awe bibi harusi wa Mfalme wa Vibwengo badala yake, kwa kuwa bila bibi harusi huko chini baridi haitaondoka duniani.

Giza la kitabu liko hapo: muuzaji amekuwa mchumba, na deni limekuwa ndoa. Yamo mapenzi ya watu wazima, kwa hiyo simpi msichana wa miaka kumi na mitatu. Kinachonivuta ni kwamba huyo mfalme ndiye wa kwanza kuudai muziki wa Liesl, wakati nyumbani waliuacha uoze. Mwandishi anajua jinsi mtu asiyesikilizwa anavyoweza kumfuata yeyote anayemsikiliza, hata akimpeleka kaburini.

Lakini Käthe ananisikitisha. Akishakombolewa, riwaya inamwacha nyuma kama mzigo uliofikishwa. Rossetti hakumfanyia Laura hivyo. Alimwachia yeye, aliyekula, kazi ya kusimulia.